Ugonjwa Haufuati Jina

Juzi baada ya ibada, msichana mmoja aliyehitimu uuguzi mwaka huu alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza jambo ambalo chuoni hawakumjibu vizuri. Alikuwa amemhudumia mwanamke wa umri wake, ambaye mama yake alifariki kwa saratani ya ovari na nyanya yake kwa saratani ya matiti. Yule mwanamke alimtazama akasema, "Na mimi je?" Muuguzi wetu mpya akamwambia asiwe na wasiwasi, kisha akaenda kujifungia chooni akalia.

Basi binti yangu, na ninyi wengine mnaovaa sare leo, ninaandika haya kwa sababu ya swali hilo. Nimestaafu. Magoti yangu yananiambia mvua itanyesha kabla ya redio kutangaza. Lakini Mungu ameniachia kumbukumbu zangu, na sidhani aliniachia ili nikae nazo peke yangu.

Nilifundishwa kazi na metroni aliyeitwa Felista, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kukimbia wodini hata siku moja. Alitufundisha kuketi. Mnacheka, lakini kuketi mbele ya mgonjwa ni kazi ya kujifunza. Kiti chako kiwe chini kuliko chake, au mlingane. Akilia, usikimbilie kumpa kitambaa, maana ukimpa haraka anaelewa kwamba umemwomba anyamaze. Na usimuulize kama ana wasiwasi. Nani atakuja hospitali bila wasiwasi? Felista alituambia tuulize hivi: "Nani anajua uko hapa leo?"

Swali hilo nimelitumia maisha yangu yote ya kazi, mjini Nyeri na katika kliniki za vijijini, na nawaachieni kama urithi. Jibu lake linakuonyesha kama mtu ana watu au anabeba mzigo peke yake. Mzee mmoja alinijibu, "Ni wewe na Mungu, na nyinyi wawili mnatosha." Nikamwambia Mungu anatosha kweli, ila mimi ninatoka kazini saa kumi, kwa hiyo tutafute mtu wa tatu. Akanitajia shemasi wa kanisa lake, na shemasi akaja.

Jambo la pili sikufundishwa na Felista. Nilifundishwa na ajuza mmoja kutoka Mweiga aliyekuja na uvimbe kwenye titi. Daktari alitaka kujua kama ugonjwa ulikuwa katika ukoo, nami nikaanza kuuliza kama karani: una dada wangapi, shangazi wangapi, binti wangapi. Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo mbele ya watu. Ninyi vijana huenda hamjui, lakini wazee wa kwetu hawapendi kuhesabu watu wao. Kumtaja mtoto kwa namba ni kama kumwitia mabaya.

"Sista," akasema, maana sisi wauguzi wote tuliitwa sista, "watu si magunia ya viazi."

"Basi nitawajuaje, mama?"

"Kukuambia, hapana. Kukuonyesha, naweza."

Akaingiza mkono kwenye kiondo chake. Alikuwa amepitia sokoni kununua mahindi na maharagwe ya githeri. Akaanza kupanga juu ya meza yangu: haragwe kwa kila mwanamke, punje ya hindi kwa kila mwanamume. Mama yake hapa, baba yake pale, dada zake kwa safu, na kila mmoja alipomweka alinieleza habari zake. Waliopata ugonjwa wa matiti au wa tumbo la uzazi aliwawekea njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe. Alipomaliza, niliuona ukoo mzima bila yeye kutamka namba hata moja.

Tangu siku hiyo niliweka kopo la nafaka kwenye droo. Nimeona kwamba mbele ya kalamu mtu hujibu kama yuko kituo cha polisi, lakini mbele ya maharagwe anasimulia. Anza na walio hai, wafu watakuja wenyewe mkono ukishazoea. Na weka pande zote mbili, wa mama na wa baba, kila wakati, hata mtu akikuambia upande mmoja hauna neno. Mwanamume anaweza kubeba badiliko la jeni linaloleta saratani hizi asiugue kamwe, na bado akamrithisha binti yake.

Njia hii ina hatari zake. Siku moja kule Gakindu tulifanyia kliniki barazani mwa shule, kuku akaruka juu ya dawati, na kabla sijamfukuza alikuwa amemaliza ukoo mzima wa mama mmoja upande wa baba. "Wacha tu, Sista," yule mama akasema, "hata shamba walilitafuna hivyo hivyo." Siku nyingine kijana aliyekuwa akisubiri aliokota hindi akalitupa mdomoni, na mama yake akamwambia kwa upole kwamba amemtafuna mjomba wake.

Lakini niliyotaka kuwasimulia hasa ni habari ya dada wawili wa Gakindu, ambao nilikutana nao katika miaka ya mwisho ya kazi yangu. Wameniruhusu niisimulie, ingawa majina nimeyabadilisha.

Walikuja siku ya mvua. Nyambura, mdogo, aliingia kwanza akiwa ameinamisha kichwa. Nyuma yake akaja dada yake Wangui na mwavuli mmoja na mikoba miwili.

"Mimi nimemsindikiza tu," Wangui akasema kabla sijauliza. "Mgonjwa ni huyu."

"Si mgonjwa," nikasema. "Bado hatujui chochote."

"Sisi tunajua," akasema Nyambura.

Walichokijua ni hiki. Nyanya yao mzaa mama aliitwa Nyambura, na alikufa kwa saratani ya matiti. Mama yao alikufa kwa saratani ya ovari. Kwa desturi yetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama. Kwa hiyo Wangui alipewa jina la mama ya baba yake, aliyeishi hadi uzeeni kabisa akitafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yake mwenyewe. Nyambura akapewa jina la yule wa upande wa mama, aliyekufa angali na nguvu. Na kwetu jina si la kuitia mtu chakula tu. Baba yao, mzee Gichuki, alimwita Wangui "maitu", yaani mama, kwa kuwa alimwona ndiye mama yake aliyerudi. Nyumbani kwao hesabu ilikuwa imeshafungwa: Wangui yuko upande wa uhai, Nyambura yuko upande wa kifo.

Wote wawili walikuwa wakiishi hivyo. Wangui aliolewa Mweiga, akapata watoto, akafuga ng'ombe, na matiti yake hakuwahi kuyachunguza hata mara moja. Nyambura alikuwa mwalimu. Alikuwa amemkataa mchumba mwema, akakataa kujenga, na kila mwaka alisema mwaka ujao huenda asiuone.

Nikatoa kopo. Tukapanga. Nyanya, njahi. Mama, njahi. Dada ya mama, Wairimu wa Chaka, njahi pia, ila huyu aliugua titi akapona, na yuko hai. Nyambura akajiweka mwenyewe chini ya mama yake, haragwe moja jekundu, akaliegemeza kwenye njahi ya mama kama mtoto anayetafuta joto.

"Na wewe?" nikamwambia Wangui.

Akachukua haragwe lake, akaenda kuliweka upande wa pili wa meza, karibu na mama ya baba.

"Huyu amezaliwa na nani?" nikauliza.

"Ni wa huku."

"Hapana, jina ni la huku. Nauliza aliyembeba tumboni."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati, na Nyambura alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Mama," Wangui akasema mwishowe.

"Mama yupi?"

"Si ni mama tu. Mama yetu."

Nikalisogeza haragwe kwa kidole, polepole, hadi likakaa kando ya la mdogo wake. Nikawaeleza kama daktari alivyonifundisha: ikiwa mama alikuwa na badiliko katika jeni, kila mtoto aliyemzaa ana nafasi sawa ya kulipata au kulikosa, awe wa kwanza au wa mwisho, aitwe vyovyote. Sura ya mtu haisemi, wala jina.

Kisha nikamuuliza Wangui lile swali la Felista. Nani anajua uko hapa leo?

"Wanajua nimemleta Nyambura," akasema. "Mimi hakuna anayejua niko hapa."

Akachukua mkoba wake akatoka. Mdogo wake akanitazama. "Sista, umemfanya nini dada yangu?"

"Sijamfanya kitu. Nimemweka mahali pake."

"Alikuwa mtu pekee ambaye sikuwa namwogopea," akasema Nyambura.

Hapo niliona kwamba kazi yangu haikuwa ya mtu mmoja. Nikamuuliza kama huyo tata Wairimu, maana tata ndivyo tunavyomwita dada ya mama, alikuwa mtu wa kuongea. Nyambura akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyo, Sista, kumnyamazisha ndio kazi."

Wiki chache baadaye walirudi watatu. Tata Wairimu aliuza vitunguu sokoni Chaka, na alikuwa na mwili mnene na sauti iliyozoea kushindana na malori ya barabara ya Nanyuki. Alikuwa ameshawafungulia blauzi wapwa wake nyumbani kwake wakaona kovu la titi lililoondolewa, na mbele yangu akarudia maneno aliyowaambia.

"Huku ni Mungu aliumba," akasema akigusa kifua, "na huku ni mimi nilishona, kwa kitambaa na pamba. Hebu niambie, Sista, ni gani imekaa poa?"

Wangui alicheka huku machozi yanamtoka. Nimewahi kusoma vitabu vizuri kuhusu ushauri nasaha, na nawashukuru waliovitunga, lakini sijaona kitabu kilichofanya kazi ya blauzi ile. Binti zangu, mtu anayeogopa ugonjwa mtafutie aliyeupitia akabaki anauza vitunguu.

Daktari alieleza kuwa ni vyema apimwe kwanza aliyewahi kuugua, kwa sababu damu yake ndiyo ingetuonyesha ni badiliko lipi la kutafuta kwa wengine. Tata akatoa mkono wake hapo hapo. Damu ilipelekwa Nairobi, na tulisubiri majuma mengi. Badiliko likapatikana. Nyambura akasema yuko tayari kupimwa. Wangui akasema hawezi, baba amekataa.

Sasa mtasema, mwanamke mzima aliyeolewa, baba anamkatalia nini? Njooni huku Mukurweini, iliko Gakindu, mniulize hivyo. Sikumlazimisha Wangui, maana kipimo hiki ni hiari ya mtu, na hata ninyi msimlazimishe yeyote. Nilimuuliza tu kama angependa nikamwamkie mzee. Akasema, "Nenda na tata. Wewe atakuheshimu, lakini tata atamsikia."

Tulimkuta mzee Gichuki akigeuza kahawa kwenye kitanda cha kuanikia. Alitukaribisha vizuri, akatuletea viti, akaomba kabla ya chai. Ni mtu wa maombi, mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Nilipotaja habari za kipimo, alitikisa kichwa.

"Nyambura apimwe, nimekubali. Lakini Wangui ni mama yangu. Ukipima damu yake, ni kama unamshtaki mama yangu. Na mama yangu hakuwa na ugonjwa hata wa mafua."

"Shemeji," Tata akasema akipuliza chai, "nikuulize tu. Dada yangu alikuzalia huyu mtoto, ama alikuwa anakuchungia?"

Mzee aliendelea kugeuza kahawa.

Nikamwambia nilichokuwa nimekiombea njiani. Kwamba katika Injili kuna ile orodha ya majina ya ukoo ambayo wengi tunairuka tukisoma, na ndani yake, katikati ya wanaume wengi, wametajwa wanawake wachache, kana kwamba Mungu anatukumbusha kuwa hakuna aliyezaliwa na baba peke yake. Jina, nikamwambia, ni heshima uliyompa wewe mtoto. Damu alipewa na Mungu, ya pande mbili. Heshima yako kwa mama yako hakuna kipimo cha kuiondoa.

"Kwa hivyo mama yangu hajamkinga?"

"Alimpa alichokuwa nacho, mzee. Mama ya watoto pia alimpa alichokuwa nacho."

Akaacha kugeuza kahawa. Kisha akasema, "Mimi nilimzika mke wangu nikidhani nimeuzika ugonjwa na yeye. Na huyu mmoja nilimwacha nje ya hofu, ili nikiamka asubuhi niwe na mahali pa kuangalia." Akainuka. "Siku ya kwenda mniambie. Nitakuja nao."

Na alikuja, amevaa koti la Jumapili.

Majibu yalipotoka, kila dada alikuwa na haki ya kusikia lake peke yake, na daktari aliwaambia hivyo. Wakakataa kutenganishwa. Wakashikana mikono. Nyambura hakuwa na badiliko. Wangui alikuwa nalo.

Wangui ndiye aliyetulia. Nyambura ndiye aliyeanguka begani mwake akilia, "Ilikuwa yangu. Wangui, hii ilikuwa yangu."

"Sote tulidhani hivyo," akasema Wangui.

Nawaombeni msisahau yule aliyepona kwa karatasi. Tunamkimbilia mwenye habari mbaya, na mwenye habari njema tunampongeza tunamwacha mlangoni. Nyambura alikuwa amejiandaa kufa tangu usichana wake. Alinifuata kwenye korido akaniuliza, "Sista, sasa mimi nitafanya nini na miaka hii yote?" Tata Wairimu alikuwa nyuma yetu akifunga leso yake.

"Jumamosi ni soko," akasema. "Utaanza na vitunguu."

Na alianza hapo kweli, kila Jumamosi, hadi kilio kikamwisha.

Wangui hakuwa mgonjwa. Hilo lirudieni kwa mtu mara nyingi kadiri atakavyohitaji: kuwa na badiliko ni kuwa na hatari kubwa kuliko wengine, si kuwa na saratani. Daktari alimweleza njia zilizopo. Matiti yake yangechunguzwa kwa mashine kila mwaka, na ovari, kwa kuwa ugonjwa wake hujificha na hakuna kipimo cha kuutegemea kuugundua mapema, angeweza kuziondoa pamoja na mirija, maana alikuwa amemaliza kuzaa. Alichukua muda. Aliongea na mume wake, ambaye aliuliza maswali mazuri kuliko tulivyotarajia. Aliongea na mke wa mchungaji. Akaamua kuziondoa.

Hapo tena likaja swali la Felista, na safari hii waliojua walikuwa wengi mno. Akina mama wa kanisa walitaka kuja wote wodini na chupa za chai, na kila mmoja na uji wake, na kila mmoja na ombi lake refu. Niliwaita tukaongea kirafiki. Niliwakumbusha Musa kule mlimani, mikono yake ilipochoka: walioishikilia walikuwa wawili, mmoja huku na mmoja huku, na wengine wote walikuwa na kazi yao bondeni. Basi tukagawana. Wawili wa kukaa naye, tena wanaojua kunyamaza. Mmoja wa kuwapeleka watoto shule. Na ng'ombe wa Mweiga, ambao hawajui habari za upasuaji, wakamuliwe na nani? Nyambura akasema ni yeye. Wangui akamwambia ng'ombe wake hawapendi walimu. Lakini maziwa yalifika kiwandani kila asubuhi.

Upasuaji ulikwenda salama. Tukabaki kusubiri maabara, kwa sababu vinavyoondolewa huchunguzwa, na mara nyingine ugonjwa hukutwa umeshaanza kimya kimya. Zile zilikuwa siku ngumu kwa mzee Gichuki. Alikuja kila alasiri kutoka Gakindu, akaketi karibu na kitanda cha binti yake, akauliza kama amekula.

Siku daktari alipoingia kutuambia kwamba maabara haikukuta saratani yoyote, tulikuwa wote mle ndani: mzee, dada wawili, Tata na mimi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Wangui alifumba macho. Mzee akavua kofia, akasema tuombe, nasi tukainamisha vichwa tukijua ombi lake si fupi.

Alianza kama kawaida, akamshukuru Mungu kwa mvua na kwa madaktari. Halafu sauti yake ikawa ndogo.

"Baba, kuna kitu sijawahi kukushukuru. Nakushukuru kwa upande wa mama yao. Tumeuogopa sana. Na ndiko ulikomtoa Wairimu, akapona, tukajua mahali pa kuangalia. Bila huyu mwanamke ningemzika huyu mtoto nikiwa namwambia ako sawa."

Akashindwa kuendelea. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Amina," akasema Tata Wairimu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake haikufika mlangoni. Kisha akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akamsogezea mzee kikombe. "Kunywa, shemeji. Mungu amesikia, na chai inapoa."